Nani ahesabu safari za mama msalani?

"Choo unapata vizuri?" daktari huuliza. Mzee hujibu: "Kawaida tu." Daktari anaandika, wanaendelea na mengine. Lakini ndani ya maneno hayo mawili huzama mambo mengi: mkojo wa kila saa usiku ambao ungedokeza kisukari au tezi dume, siku nne bila haja kubwa kwa mgonjwa wa saratani anayetumia mofini, au UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), ambayo kwa kikongwe pengine haiji na homa wala maumivu bali na kuchanganyikiwa, mpaka jamaa waseme ni uzee tu, au kuna mkono wa mtu.

Vihisi vya nyumbani vimekuja kuliziba pengo hilo. (Wengi huviita sensa, neno ambalo kwetu ni la kuhesabu watu. Kwa kazi hii halijakosea sana.) Si kamera. Ni kidude cha ukutani kinachohisi joto la mwili unaopita, na vipande viwili, sumaku mlangoni na kipande cha kuihisi kwenye fremu. Pengine na mkeka mwembamba chini ya godoro unaotambua kwamba mtu ameinuka. Havijui ulikwenda kufanya nini. Vinajua saa uliyoingia na saa uliyotoka. Programu huuzoea mwenendo wako kwa wiki kadhaa, kisha ukibadilika hupeleka ujumbe kwenye simu ya mtu.

Kwamba vinaweza kusaidia, sibishi. Katika makazi ya wazee ya TigerPlace huko Columbia, Missouri, yaliyofunguliwa mwaka 2004, mwuguzi Marilyn Rantz na mhandisi Marjorie Skubic walionyesha kuwa mabadiliko ya nyendo, zikiwemo safari za chooni usiku, huweza kutangulia ugonjwa kwa siku kadhaa. Uingereza, mradi wa TIHM ulioanza Surrey mwaka 2016 kwa wagonjwa wa kupoteza kumbukumbu ulitengeneza njia ya kuishuku UTI kutokana na vihisi vya aina hiyohiyo. Ila tusisahau kilichokuwa nyuma ya vidude. Missouri kulikuwa na wauguzi; Surrey kulikuwa na kituo cha wahudumu waliopokea tahadhari na kupiga simu. Anayeagiza kihisi mtandaoni huletewa kihisi, haletewi nesi.

Sasa kilete kihisi hicho Tanga au Mombasa, kwa mjane wa miaka sabini na kitu ambaye mwanawe yuko Manchester. Kwanza, mlango wenyewe ni wa nani? Katika nyumba nyingi choo kiko uani, na wapangaji wote hukitumia hichohicho. Sumaku itahesabu ua mzima. Hata akiwa na choo chake ndani, bibi huyo hutawadha mara tano kwa siku. Kwa kihisi, udhu na haja ni mlango uleule. Ikifika Ramadhani, mwenendo wote unageuka: mchana kimya, usiku pilikapilika za tarawehe na daku, na programu iliyofundwa Ulaya itatangaza ugonjwa mwezi mzima. Na wapo wazee wasiotoka kabisa usiku, wana kopo lao chini ya kitanda. Huko hakuna mlango wa kuhesabu.

Kuna pia suala la umeme na bando. Luku ikiisha, kihisi kinanyamaza, na aliyeko mbali hana njia ya kutofautisha ukimya wa mashine na ukimya wa mama. Kifaa kisichoweza kuripoti kwamba chenyewe kimezimika nisingemshauri mtu akinunue, hata kwa bei ya maandazi.

Lakini linalonikera zaidi ni stara. Mama wa Kiswahili anayesema "nakwenda kujisitiri" hasemi hivyo kwa urembo wa lugha. Ujumbe wa saa tisa usiku kwamba ameingia msalani mara sita utamfikia nani? Mtoto wa kiume? Mkwewe, ambaye mchana hata kukaa naye chumba kimoja ni kwa haya? Sheria za kulinda taarifa binafsi hazimsaidii mama hapa. Ile ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinaiweka afya kwenye taarifa nyeti, na hilo linambana anayeuza huduma. Ila ya Kenya inayaacha nje matumizi ya ndani ya familia, na aibu ya mama huanzia humohumo ndani. Mzee akijua anahesabiwa anaweza kupunguza kunywa maji ili asionekane anakwenda mno, na maji machache ndiyo yanayoikaribisha hiyo UTI.

Wajapani walipita njia ya adabu zaidi. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilianza kukodisha birika la umeme linalowajulisha watoto kwamba mzazi amechemsha maji ya chai. Habari ni ndogo, na haimvui mtu nguo. Kwa mzee mzima wa afya anayeishi peke yake, ningeanzia huko. Cha chooni ningekiacha kwa mwenye sababu ya kitabibu inayotajika: ametoka kupasuliwa tezi dume, ana dawa za kukojosha kwa ajili ya moyo, au UTI humrudia kila mara. Hapo mwenyewe aulizwe, achague nani apokee (wengi watamtaja binti au dada), na aonyeshwe swichi ya kukizima.

Na kabla ya yote hayo, mtu akalitazame komeo. Kihisi kitasema mama yumo msalani kwa dakika arobaini. Simu italia Manchester, mwana atampigia jirani, jirani atakimbia na kuukuta mlango umekomewa kwa ndani, nao hufungukia ndani, upande ule ule alikoangukia. Fundi anaweza kuugeuza ufungukie nje na kuweka kitasa kinachofunguka pande zote mbili. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na haihitaji bando.