Kuuliza nani atamrithi gavana si kumtakia kifo

Karatasi ya kura ya New York ina pande mbili. Mara yangu ya kwanza kupiga kura hapa, Novemba 2019, nusura niondoke bila kuigeuza. Mama mmoja msimamizi wa kituo, hapa Bronx, akaigonga kwa kidole: geuza, kijana. Nyuma kulikuwa na maswali matano ya kurekebisha katiba ya jiji. Lile la kwanza lilivuma kwa sababu ya mtindo mpya wa kuwapanga wagombea kwa nambari, lakini ndani yake walichomeka jambo jingine: kiti cha meya kikibaki wazi, wananchi warudi debeni baada ya siku 80, si 60.

Nikabaki nimeshika kalamu, mawazo yamenipeleka Nyeri, kaunti ya kwetu Kenya.

Mnakumbuka 2017 yetu. Februari 24 gavana wetu, Nderitu Gachagua, alifariki akiwa London. Naibu wake, Samuel Wamathi, akaapishwa. Agosti tukamchagua Wahome Gakuru. Novemba 7 akafa kwa ajali ya barabarani huko Murang'a, na Mutahi Kahiga akashika. Magavana wanne ndani ya mwaka mmoja! Kila mara naibu alikuwepo, akaapa, kazi ikaendelea.

Lakini kabla ya Februari ile, jaribu kuuliza kwa sauti itakuwaje gavana akizidiwa. Mimi niliuliza, kwa simu, na mjomba akanikatiza: "Wewe umetumwa? Usimchurie mtu wa wenyewe." Ni mjomba huyohuyo ambaye hadi leo hajaandika wosia, na shamba la kahawa analo, na watoto saba anao. Ukimtajia wakili anaona umemletea jeneza. Nilipomweleza kwamba huku swali hilo linachapishwa kwenye karatasi ya kura na meya yuko hai, anadunda, alicheka mpaka akakohoa.

Sisemi huku ni peponi. Wamefundishwa na machungu. Septemba 11, 2001 ilikuwa siku ya kura ya mchujo ya kumtafuta meya. Minara ikaanguka watu wakiwa wanapiga kura, zoezi likafutwa na kurudiwa Septemba 25. Meya Giuliani, ambaye muda wake ulikuwa unaisha Desemba, akaomba aongezewe kama miezi mitatu kwa sababu ya dharura. Wapo waliokubali, wengine wakakataa, na mwisho hakupewa. Januari 1 meya mpya, Bloomberg, akaingia. Sisi tunaijua vizuri hiyo lugha ya "niongezeeni kidogo, nchi iko pabaya". Huanzia miezi mitatu. Mwaka uliofuata, 2002, wakazi wakapiga kura kwamba meya akiondoka, mtetezi wa umma, afisa anayechaguliwa kivyake kusikiliza malalamiko ya wakazi, ashike kwa muda tu, uchaguzi uitishwe ndani ya siku 60. Hizo ndizo siku 60 tulizozigeuza 80.

Kuna pia kamati ya watu watano ya kuamua kama meya amelemewa na hawezi kazi: mwanasheria wa jiji, mdhibiti wa fedha, spika wa baraza, naibu meya mmoja na rais wa mtaa mkuu (kama Bronx) aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake. Wanne wakikubaliana, mambo yanaanza kusogea. Kila mwanachama wa chama chetu cha mwisho wa mwezi angeielewa kamati hii, maana hata sisi tuna makamu wa kusaini cheki mwenyekiti akisafiri.

Na hapa nitawaudhi wenzangu wa ughaibuni wanaopenda kuikejeli nyumbani: kwa maandishi, sisi tumewashinda. Kifungu cha 182 cha Katiba yetu kinampa kiti naibu aliyepigiwa kura pamoja na gavana. Wote wawili wakikosekana, spika wa bunge la kaunti anakaimu na uchaguzi unafanyika ndani ya siku 60. Mtetezi wa umma wa New York anaweza kuwa hasimu wa meya.

Balaa letu ni kiti cha naibu kuachwa kitupu. Naibu gavana Polycarp Igathe alijiuzulu Nairobi Januari 2018. Machi mwaka huo Mahakama ya Juu ikashauri gavana aliyebaki bila naibu ateue mwingine ndani ya siku 14. Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alipotimuliwa Desemba 2020, naibu bado hakuwepo, kwa hiyo Spika Benson Mutura akakaimu. Januari Ann Kananu akaapishwa naibu, uchaguzi mdogo uliokuwa umepangwa ukafutika, na Novemba 2021 akawa gavana wa jiji lile kubwa bila mkazi hata mmoja kumpigia kura.

Je, wakazi wa Nairobi wangeulizwa, upande wa nyuma wa karatasi, kama gavana akipitisha siku hizo 14 aadhibiwe vipi? Hatuna karatasi hiyo. Kura za maoni zetu ni za taifa zima, 2005 na 2010, na mpaka wakubwa wagombane kwanza. Kaunti haiulizwi chochote kati ya uchaguzi na uchaguzi.

Nilitia alama kwenye "ndiyo", nikampa yule mama karatasi. Usiku nikampigia mjomba. Akaniuliza huyo meya wenu anaumwa nini.