Kazi zote za Jelly Roll Morton kwa watu wawili tu: tunapata nini, tunakosa nini?

Mwaka 2018 kule London wanamuziki wawili, Andrew Oliver kwenye piano na David Horniblow kwenye klarineti na saksafoni, waliamua kupiga tungo zote za Jelly Roll Morton, yule mpiga piano na mtunzi wa jazi kutoka New Orleans, yaani zote kabisa, wakawa wanazirekodi na kuziweka YouTube wiki hadi wiki. Tungo zenyewe ni kama 90 hivi. Kazi kubwa sana hii na mi naiunga mkono, ila kuna hoja nzito ya kuipinga na haifai kuipita juujuu, maana Morton hakuwa mpiga piano tu. Alikuwa fundi wa kupanga bendi, na bendi ndo imempa jina lake.

Chukua Black Bottom Stomp aliyorekodi Chicago Septemba 1926 na bendi yake, Red Hot Peppers. Watu saba: korneti (ndugu ya tarumbeta), tromboni, klarineti, piano, banjo, besi na dramu. Ndani ya dakika tatu hivi klarineti inachukua nafasi yake, inakuja piano peke yake, halafu korneti inapiga huku wenzake wanagonga mara mojamoja na kunyamaza, banjo nayo inapewa zamu, mwishoni wote wanarudi kwa pamoja na sasa dramu zinasukuma kwa nguvu ambayo ilikuwa imefichwa muda wote. Hiyo nguvu imewekewa akiba makusudi. Sasa ukibaki na piano na klarineti utaiweka wapi hiyo akiba? Unaweza kupiga kwa sauti zaidi, sawa, lakini hakuna mtu mpya wa kuingia.

Dead Man Blues ndo inaniuma zaidi. Katikati kuna kipande ambacho klarineti tatu zinaimba pamoja taratibu kama kwaya, na Morton aliongeza wapigaji wawili studio kwa ajili ya sauti ile. Kwa watu wawili, sauti mbili kati ya hizo inabidi zihamie kwenye piano, na hapo noti zote utazipata ila zile pumzi za watu watatu zikipanda na kushuka pamoja huzipati. Mtu akiniambia kwamba hapo tungo yenyewe imepotea, kwamba kwa Morton mpangilio NDO utunzi wenyewe, sina jibu la kumshinda kwa wimbo huo.

Lakini tusisahau Morton mwenyewe alianzia wapi. Mwaka 1923 na 1924 alirekodi tungo zake nyingi peke yake kwenye piano kwa kampuni ya Gennett huko Richmond, Indiana, na hiyo ni kabla Peppers hawajakuwepo. Mwaka huohuo wa 1924 alikaa na mpiga korneti King Oliver Chicago wakapiga King Porter Stomp na Tom Cat Blues, korneti na piano basi, hakuna mwingine. Shreveport Stomp ya 1928 ni yeye, Omer Simeon kwenye klarineti na mtu wa dramu. Kwahiyo anayesema kupiga wawili ni kumpunguza Morton ajue kwamba mwenyewe alishafanya hivyo na alifanya vizuri mno.

Halafu kuna maneno aliyomwambia Alan Lomax, mkusanyaji wa muziki wa asili, mwaka 1938 pale Maktaba ya Bunge Washington, kwamba mpiga piano wa jazi asipojaribu kuiga bendi nzima hawezi kupiga jazi ya maana. Sikiliza Grandpa's Spells uone: mkono wa kushoto unateleza kama tromboni, dole gumba linabeba melodi nyingine katikati, na kuna sehemu kiganja kizima kinabamizwa kwenye noti za chini kama kishindo cha dramu. Yaani bendi imo ndani ya vidole tayari. Ukiongeza klarineti juu, piano inapata nafasi ya kuwa bendi badala ya kuhangaika na melodi pia, na hili kwangu ndo faida kubwa, unaisikia tungo jinsi ilivyojengwa kabla haijavishwa nguo.

Inaonekana zaidi kwenye zile tungo ambazo Morton aliziita zenye harufu ya Kihispania, kama The Crave na Mamanita. Kushoto kunahesabu tatu, tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, ule mdundo wa jamii ya habanera uliofika New Orleans kutoka Cuba. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatuhitaji kufundishwa mdundo huo, maana santuri za GV, zile za kampuni ya HMV zenye muziki wa Cuba, zilifika hadi Kongo na Afrika Mashariki na zikaacha alama kubwa. Kwenye tungo hizi watu wawili wanatosha kabisa, wa tatu angebanana tu.

Kuhusu neno "zote" nina wasiwasi kidogo. Milenberg Joys ina majina ya watunzi kadhaa, Wolverine Blues pia, kwahiyo lazima uamue wewe ni nani anahesabika. Na mwendo wa wiki hadi wiki unaipa The Pearls muda uleule wa wimbo mwepesi wakati The Pearls ni ya kukaa nayo miaka. Ila bila hiyo "zote" tungebaki na zilezile kumi zinazopigwa kila tamasha! Nani angegusa vitu alivyorekodi kwa kampuni ya Victor mwaka 1929 na 1930 ambavyo hata wapenzi wa Morton huvipita, au zile tungo za mwishomwisho kabla hajafariki Los Angeles mwaka 1941, wakati ambapo redio na kumbi zilikuwa zimeshahamia kwa swing, ile jazi ya kucheza ya bendi kubwa?

Kimoja tu ningewaomba wanaofikiria kufanya mradi wa namna hii. Sweet Substitute aliirekodi 1940 akiwa anaimba mwenyewe, kwa sauti iliyochoka na ya upole, na hata klarineti ikipiga melodi ile vizuri kiasi gani bado yale maneno yanakosekana. Kwa hiyo moja mpiga piano aimbe, hata kama sauti yake si ya kuimbia.