Kusikitika Si Kuomba Radhi

Ukitoka Kisumu ukapita Ahero na Awasi, barabara hupanda kuelekea Kericho mpaka chai ikakuzunguka pande zote. Hiyo ndiyo ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai wanasema walifurushwa enzi za Mwingereza. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa orkoiyot, yaani viongozi wa kiroho, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria.

Siku hizi hakuna baraza la kudai radhi na fidia kutoka Uingereza lisilokuwa na mtu wa kusimama na kutamka "mauaji ya kimbari". Namwelewa, ila neno hilo lina mlango wake. Kifungu cha 2 cha Mkataba wa 1948 wa kuzuia mauaji ya kimbari kinataka uthibitishe nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Kufurushwa peke yake hakutoshi. Anayetaka kujenga hoja na aanze na aya ya tatu ya kifungu hicho, inayohusu kuwawekea watu kwa makusudi hali za maisha za kuwamaliza, kisha atafute barua za maofisa wa wakoloni kuhusu Gwassi: walijua nini juu ya maradhi ya huko, na walijua lini? Bila karatasi hizo, balozi wa upande wa pili atakusikiliza kwa adabu, akunywee chai yako, aende zake.

Hata ukizipata, kuna kisiki kingine. Mkataba ulianza kutumika Januari 1951, na serikali za Ulaya hushikilia kwamba haurudi nyuma. Tazama Wajerumani walivyoucheza mchezo huo Namibia, koloni lao la zamani. Tarehe 2 Oktoba 1904 Jenerali Lothar von Trotha alitoa amri ya kuwamaliza Waherero; inakadiriwa hadi asilimia 80 yao waliangamia, pamoja na kama nusu ya Wanama. Mazungumzo ya serikali mbili yakaanza 2015, tamko la pamoja likatoka Mei 2021. Neno mauaji ya kimbari limo, lakini limefungwa kamba: ni mauaji ya kimbari "kwa mtazamo wa leo". Maneno manne tu kwa Kiswahili, na ndiyo yaliyozuia deni la kisheria. Euro bilioni 1.1 zilizoahidiwa kwa miaka 30 hazikuitwa fidia. Milioni 1,050 ni za miradi ya maendeleo, 50 za maridhiano na kumbukumbu.

Kilichoharibu zaidi ni viti vya mezani. Mazungumzo yalikuwa ya serikali kwa serikali, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakalalamika kwamba hawakuwakilishwa na watu waliowachagua wenyewe. Wazao wa waliokimbilia Botswana na Afrika Kusini ndio kabisa, kwa sababu miradi ni ya ndani ya Namibia. Tamko lililoandikwa ili kupatanisha likazaa ugomvi mpya, safari hii baina ya wahanga na serikali yao wenyewe.

Sisi tuko karibu na shimo hilo hilo. Jedwali la Nne la Katiba yetu limeyaweka mambo ya nje mikononi mwa serikali ya kitaifa, kwa hiyo Kaunti ya Kericho au ya Nandi haiwezi kuiandikia London noti ya kidiplomasia. Lazima Nairobi ibebe. Na Nairobi ina mikataba ya biashara na ulinzi ya kutunza, kwa hiyo kabla noti haijaondoka, jamii zidai hati ya mamlaka ya wajumbe inayosema nani anaketi upande wetu, nani alimchagua, na kwamba rasimu itarudi kwa wazee kabla ya sahihi. Sahihi ikishawekwa, malalamiko yako ni ya gazetini.

Mahakama nazo zimebana. Kesi ya zaidi ya Wakenya 40,000 waliodai kuteswa enzi za ukoloni, iliyosikilizwa jijini London, ilianguka 2018, muda ukiwa umepita. Ile ya Mau Mau ya 2013 ilifanikiwa kwa suluhu ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na hapo palisaidia sana nyaraka za siri za kikoloni zilizogunduliwa Hanslope Park, ghala la serikali ya Uingereza. Lakini soma kauli ya William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza wakati huo, alipoitangaza suluhu hiyo: Uingereza "inajutia kwa dhati" yaliyotokea, na papo hapo inakana dhima. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2023, Mfalme Charles alizungumzia huzuni na majuto Nairobi, akasema hakuna kisingizio. Kuomba radhi hakuomba. Kwetu mtoto aliyevunja mtungi akasema "nasikitika mtungi umevunjika" angerudishwa aanze upya.

Ndiyo maana ningeiweka pesa mwisho kabisa wa orodha. Likitangulia neno, na neno lenyewe likiwa na mtenda ("tuliwaondoa", si "waliondolewa"), zifuate nyaraka, kisha mabaki ya waliouawa. Wanandi bado wanalidai fuvu la Koitalel arap Samoei, orkoiyot wao, aliyepigwa risasi Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Pesa zikitangulia, upande wa pili huhesabu risiti na kufunga faili.

Na mahali pa kusomea radhi hiyo paandikwe kwenye makubaliano, kwa jina: Kericho, Kapsabet, na Gwassi pia.