Inazima Yenyewe

Mtu akikuambia biashara ya steshenari ni kukaa kwenye kiti na kupigwa feni, mlete fremu yangu hapa Mbagala saa tano asubuhi.

Nyuma yangu amesimama mama mmoja, ananisomea orodha ya michango ya harusi. Jina na ahadi, jina na ahadi. Tumefika kwa shemeji wa Tanga aliyeahidi laki mbili. Pap! Kioo cheusi. Mashine haikuaga, haikuonya, haikuuliza kama nimesevu.

"Umezima?"

"Imezima yenyewe, mama."

"Yenyewe vipi? Na shemeji je?"

Shemeji kaenda na maji. Word inajitunzia nakala kila baada ya dakika 10, hiyo najua, lakini hii mashine nayo inajua. Inasubiri dakika ya tisa.

Sasa ukitaka kujua mtaa una wasomi wangapi, kompyuta yako izime mbele za watu. Bodaboda aliyeegesha nje kasema virusi. Muuza chipsi, mikono imejaa mafuta, kasema madabodi imekufa, nunua nyingine. Mzee wa nafaka kaniita pembeni akaniuliza, kwa sauti ya chini, fremu hii kabla yangu alikuwa nani na alihamaje. Kijana wa chuo aliyefuata kopi ya cheti ndiye aliyekuja na elimu: "Anko, Windows ina daftari la matukio, hebu tuliangalie." Tukaliangalia. Limejaa Kernel-Power namba 41, nyekundu juu hadi chini. Nikamwuliza maana yake. Akasema inamaanisha kompyuta iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Ahsante sana! Mimi nilikuwepo ilipozima, nataka kujua kwa nini, daftari linaniambia ilizima.

Basi nikaita fundi. Fundi hakuweka hata begi chini. "Hii ni Windows, bosi. Tupige upya."

Mafundi wetu bwana. Kompyuta iko taratibu, piga Windows. Haitoi sauti, piga Windows. Nadhani hata kiti kikivunjika mguu atatoa flashi mfukoni.

Nikamwambia kaka, subiri kidogo. Nikaiwasha, nikaingia BIOS, kule ambako Windows bado hata haijaamka, nikaiacha humo tukakaa tunaitazama. Haikuchukua muda: pap! Nikamgeukia. Windows iliyolala imezimaje mashine?

Akakuna kichwa. "Inawezekana ina mizizi."

Mizizi! Tukafungua kasha. Humo ndani vumbi lilikuwa la kufugia kuku. Akalipuliza kwa blowa, akafuta ile pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya, akahakikisha feni inazunguka. Haya, joto. Tumerudi BIOS, prosesa inasoma nyuzi 45, na nyingi hujizima kujiokoa zikikaribia 100. Kapasita za madabodi zimekaa wima, hakuna iliyovimba kichwa. Memori akaichomoa, akaisugua kwa kifutio, akairudisha. Pawa saplai akaazima ya mteja wake mwingine, sijui huyo mteja aliambiwa nini. Ikazima vilevile.

"Sasa bosi, si tungepiga tu Windows?"

Nikanyamaza. Na katika kunyamaza huko ndipo nikasikia ukuta unaunguruma. Upande wa pili ni saluni. Draya imewashwa, taa yangu ikanywea kidogo, UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme ukiyumba, ikalia "tiki", kompyuta ikafa. Tukangoja. Draya ikazimwa, nikawasha mashine, ikatulia. Draya ikarudi, tiki, imekufa.

Mwenye nyumba wetu kagawa fremu tatu kwa LUKU moja na waya mwembamba mmoja. Draya ikivuta, umeme unashuka. Umeme ukishuka, UPS, iliyo chini ya meza kwa kazi ya kumlinda bwana mkubwa, inaruka kwenye betri. Na betri ndiyo hiyo: volti 12, ya asidi, aina inayodumu kama miaka 3 hadi 5, na hii nilipewa pamoja na UPS ya mtumba, umri wake anaujua Mungu. Imekufa kitambo. Kwa hiyo mlinzi anamrukisha mwenye mali shimoni, huku yeye taa yake ya kijani inawaka, anapendeza.

Tukaichomoa kompyuta kwenye UPS, tukaichomeka ukutani. Draya inanguruma, kompyuta inadunda. Mshuko ule mdogo pawa saplai inauvumilia yenyewe bila kusaidiwa na mtu.

Fundi akadai hela ya pesti. Muuza chipsi anatangaza mtaani kwamba yeye alisema tangu mwanzo ni umeme.

Shida ni Jumamosi. Bibi harusi wakijaa, saluni inawasha draya mbili na pasi ya nywele juu, hapo hata ukutani haivumilii, na betri mpya bado sijapata hela yake. Nikaenda kumwona jirani kwa adabu. Kumbe habari zimemfikia.

"Jirani, nasikia unasema draya yangu inaroga kompyuta."

Tukaelewana lakini, ni mtu mwema. Kabla hajawasha draya ya pili anagonga ukuta mara tatu, mimi nabonyeza Ctrl na S. Jumamosi hii nimebanwa na risala ya kipaimara, baba mwenye mtoto kasimama, ngo, ngo, ngo! Nikasevu haraka, nikatoa mikono kwenye kibodi, nikamwambia mzee subiri, usiguse kitu, tukasubiri wote wawili tunaitazama mashine. Kimya.

Kichwa kikatokeza mlangoni, kimejaa rola. "Jirani, una chenji ya elfu kumi?"