Mahindi ya GMO: huku Nebraska na kwetu Tabora

Kila mjadala wa mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, yanayostahimili ukame ukifumuka nyumbani Tanzania, pande zote mbili zinakipa kinasaba nguvu kisicho nayo. Huyu anaita sumu, yule anaona Igunga na Nzega zimeshapona njaa.

Mahindi yenyewe ni MON 87460. Yamewekewa kinasaba cha cspB, kilichotoka kwa bakteria wa udongoni, Bacillus subtilis. Marekani iliyaruhusu mwaka 2011, na wizara ya kilimo ya huku huku Marekani ikakiri kuwa hayapiti mbegu bora za kawaida zilizozoea maeneo makavu. Yanasaidia jua likiwa la wastani. Mvua ikikata wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa, chavua inamwagika bure na gunzi linatoka mapengo, GMO au si GMO.

Wakulima wengi wa jimbo hili la Nebraska wana mitambo ya kumwagilia inayozunguka shamba zima, na bima ya mazao ambayo serikali huwachangia ada. Kinasaba ni nyongeza tu juu ya hayo. Tena mkataba wa mbegu unawakataza kupanda tena walichovuna. Watetezi wa GMO wa nyumbani hapo huwa kimya.

Kwetu majaribio ya mahindi haya yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, serikali ikayafuta Januari 2021. Mimi naona ilikosea: bila takwimu za shamba letu, wa kukataa na wa kukubali wote wanabahatisha.

Lakini msimu hausubiri. Tabora matuta tunayalima tangu zamani, ya tumbaku na ya mahindi. Kinachokosekana ni kuyafunga. Katikati ya tuta na tuta, kila mita 1.5 hadi 2, weka kizuizi cha udongo ili maji yatuame yanywe chini. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta. Vikilingana kimo, mvua kubwa inapasua tuta lenyewe na kuanzisha korongo, na kichanga chetu hakichelewi kubebwa. Baada ya mvua kubwa za mwanzo, pita na jembe urudishie vilivyobomoka. Panda mbegu ya muda mfupi kama Situka, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja na zaidi; manyunyu ya kwanza yanaotesha mbegu kisha jua linaiua. Chotara usirudie mbegu yake, mavuno yatashuka. Na kwenye mbuga nyeusi, yaani bonde la udongo mzito wa mfinyanzi, usifunge kabisa: maji yatasimama, mahindi yawe manjano, mizizi ioze.