Diski Ikiwa Ni Memori, Nakala ya Nini?

Swali hili aliniuliza kijana mmoja katika chumba tunachofundishia Linux hapa Langoni, Lamu. Nilikuwa naeleza safari ya faili: programu inaomba data, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inaitoa kwenye diski, inaiweka katika akiba ya kurasa ndani ya RAM, kisha inanakili kilichotakiwa hadi kwenye eneo la programu. Akasema, "Mwalimu, na kama diski yenyewe ni memori, nakala ya nini?"

Mtu wa Lamu haelezwi sana kwa nini kuna stoo gatini. Mzigo wa Mokowe huvuka kwa boti, na boti haipiti kichochoroni. Lazima ushushwe, ungoje punda au hamali. Diski nazo ndivyo zilivyo. Haziwezi kukupa baiti moja, hutoa sekta nzima ya baiti 512 au 4,096, na diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa ambapo RAM huhitaji kama nanosekunde 100 tu. Akiba ya kurasa, ambayo ndiyo stoo yetu, ilizaliwa na shida hiyo. Lakini mwaka 2015 Intel na Micron walitangaza 3D XPoint, aina mpya ya memori ya kudumu, na mwaka 2019 Intel ikaanza kuuza Optane ya kuchomekwa kwenye nafasi za RAM, vipande vya hadi gigabaiti 512, vinavyosomwa baiti kwa baiti na visivyosahau umeme ukikatika. Hapo stoo ikawa inahamisha mzigo kutoka memori kwenda memori.

Jibu la Linux linaitwa DAX, yaani kuifikia data moja kwa moja bila kupitia akiba ya kurasa. Liliingia katika toleo la 4.0 mwaka 2015, kazi iliyoongozwa na Matthew Wilcox, na likachukua nafasi ya XIP, mbinu ya zamani ya kuendesha programu palepale ilipohifadhiwa, katika mfumo wa faili wa ext2. Programu ikiita mmap, yaani ikiomba faili lionekane kama sehemu ya memori yake, kurasa za kifaa chenyewe ndizo zinazowekwa mbele yake. Haina nakala, haina kungoja. Kwa hifadhidata kubwa faida yake ni ya kweli: RAM haijazwi na vivuli vya data ambayo tayari iko katika memori, na rekodi ndogo haisababishi ukurasa mzima kuhamishwa.

Hata hivyo stoo ile ilikuwa na kazi nyingine ambazo hatukuzihesabu.

Niliwahi kumtengenezea jamaa yangu programu ya kuandika mauzo ya duka. Umeme ukakatika jioni, na mauzo ya mwisho hayakuonekana tena. Kosa lilikuwa langu: sikuita fsync, amri ya kulazimisha data iandikwe diskini, na kerneli, kwa mipangilio yake ya kawaida, inaweza kukaa na data iliyobadilishwa kwa takriban sekunde 30 kabla ya kuipeleka diskini. Nilipoanza kusoma habari za DAX nilidhani nimepata dawa ya ugonjwa huo. Sikuipata. Ukiandika moja kwa moja kwenye memori ya kudumu, neno lako hubaki kwanza katika keshi ya prosesa, na kwenye mashine nyingi keshi hiyo hufutika umeme ukienda. Usiporudi kwa fsync, lazima programu yenyewe isukume kila mstari wa baiti 64 kwa amri kama clwb, kisha iweke kizuizi cha sfence ili mpangilio usivurugike. Na kinachohakikishwa kuandikwa kizima kwa mpigo mmoja ni baiti 8 tu. Tena, hata data ikifika, mfumo wa faili unaweza kuwa haujaandika kwamba eneo lile ni la faili yako; ndiyo sababu toleo la 4.15 lilileta MAP_SYNC, linalolazimisha taarifa hizo zitangulie kuhifadhiwa kabla programu haijaruhusiwa kuandika.

Kwangu mimi mzozo wote uko hapa. DAX imeondoa nakala, lakini dhamana ya kuhakikisha data imefika imetoka kwa kerneli, ambayo imekaguliwa na watu wengi kwa miaka mingi, ikaenda kwa kila mwandishi wa programu. Wapo wanaoiweza dhamana hiyo, na wanastahili mlango wao. Wengi wetu hatuiwezi bado.

Tatizo la pili liliwasumbua wenye kerneli zaidi. Kadi ya mtandao ikipewa anwani ya memori ya faili iandike humo, halafu mtu akalifupisha faili lile, mfumo wa faili unaweza kulitoa eneo hilo kwa faili jingine huku kadi bado inaandika. Zamani kadi ingeandika kwenye nakala tu, bila kumdhuru yeyote. Sasa ilibidi mfumo wa faili ungoje hadi kurasa ziachiliwe. Na ili kujua nani anashika nini, kerneli inahitaji rekodi ya baiti 64 kwa kila ukurasa wa baiti 4,096: terabaiti moja hula gigabaiti 16 kwa rekodi hizo pekee.

Yapo mengine madogo. Usimbaji fiche wa mfumo wa faili wa ext4 hauendi na DAX, na eneo bovu likisomwa programu hupigwa SIGBUS, ishara ambayo kwa kawaida huiua, badala ya kurudishiwa kosa la kawaida.

Julai 2022 Intel ilitangaza kuifunga Optane, na wapo wanaosema DAX nayo izikwe. Sikubaliani nao hata kidogo. Tangu 2020 virtiofs, njia ya kompyuta mwenyeji kushirikisha faili zake na mashine pepe (kompyuta za programu zinazoendeshwa ndani yake), inaweza kutumia DAX, hivyo mashine pepe husoma moja kwa moja akiba ya kurasa ya mwenyeji wake, na mashine kadhaa zikatumia nakala moja. Kwa chumba kama chetu, chenye seva moja ya mtumba na RAM ya kuhesabu, faida hiyo naijali kuliko kasi ya hifadhidata za mabenki. Sisi hatuna Optane wala hatutainunua, na bado DAX inatufaa.

Ndiyo maana naona uamuzi wa toleo la 5.8 la Linux ulikuwa mzuri: DAX huchaguliwa faili kwa faili, haimlazimishi kila mtu kwenye diski nzima. Asiyeomba anabaki na stoo yake.

Yule kijana sikumjibu kwa hotuba. Nilimtengea sehemu ya RAM kwa kigezo cha memmap ili kerneli iione kama memori ya kudumu, tukaweka mfumo wa faili wa XFS juu yake na kuiwasha DAX. Aliandika programu ya rekodi za duka kwa mmap, kisha akaiua kwa kill -9, amri ya kuua programu papo hapo, katikati ya kazi. Alipofungua faili akakuta bidhaa ina jina jipya na bei ya zamani. Aliitazama kwa muda, kisha akauliza kama tunaweza kuirudia, safari hii aanze na bei.