Waomani wameliweka jahazi, sie bado tunalipanda

Wallahi ukifika Sur hapa Oman utaona wivu. Kuna ghanja, yaani jahazi kubwa la kizamani, inaitwa Fatah al-Khair, iliundwa hapahapa 1951, ikauzwa ikaishia Yemen, watu wa Sur wenyewe wakachangishana wakaikomboa 1993, sasa ipo makumbusho na watoto wa skuli wanapelekwa kuitizama. Ukija Muscat kuna Sohar, ile iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari ikatoka hapa 1980 ikafika Canton huko Uchina 1981, nayo wameiweka kwenye raundabauti karibu na Al Bustan.

Sie kule Unguja mtepe wetu wa kuigiza, kile chombo cha Waswahili wa zamani cha kushonwa kwa kamba, tuliuweka makumbusho ya Beit al Ajaib, sehemu ya jengo lenyewe ikaporomoka Disemba 2020.

Sasa wageni wetu wakirudi Unguja wanasema wenzetu wanajua kutunza, na hapo mi nakataa. Ghanja ya Sur haiendi popote tena! Bandarini huku vyombo vingi siku hizi faiba na mashine, tanga labda siku ya sherehe. Lakini nenda Nungwi, nenda Matondoni kule Lamu, fundi kashika tezo anachonga mataruma, zile mbavu za chombo, kwa jicho tu, hana karatasi hana nini, akimaliza anakalafati, yaani anaziba nyufa kwa pamba, chombo kinashuliwa majini na wiki hiyohiyo kinabeba mzigo.

Tena hebu tizameni juu kwenye dari za nyumba za kizamani huku Oman, boriti zile ni mikoko ya Rufiji na Lamu, babu zao wakija na upepo wa kaskazi na tende zao na papa wakavu, wakingoja upepo wa kusi uwarudishe na boriti na karafuu. Yaani urithi wanaojivunia nusu yake imekatwa kwenye matope yetu.

Kinachonikera ni kwamba kwetu fundi wa jahazi anaonekana masikini tu, mtoto wake hataki hata kushika keekee ya kutobolea mbao, anataka bodaboda au viza ya kuja huku, na akifika anapiga selfi na majahazi ya watu.

Mi ningekuwa na sauti nisingejenga makumbusho kwanza, ningewapa mafundi mbao kwa bei ya nafuu na posho kwa vijana wanaojifunza, manake mbao nzuri siku hizi bei yake haishikiki na faiba inawapiga bao. Nyie mlioko Pangani na Lamu, huko bado wanashua vyombo vipya au ni kukarabati vya zamani tu?